Kijana Mfanyakazi na Viza ya Matembezi ya Ulaya: Kuandaa Maombi Yanayosimama

Tangu kumalizika kwa Jubilei ya Vijana, iliyofanyika Roma kuanzia Julai 28 hadi Agosti 3, 2025, vijana wengi wafanyakazi wamekuwa wakifika katika ofisi za parokia na ombi moja: barua ya paroko ya kupeleka ubalozini. Baadhi yao waliziona picha za wenzao wakiwa Tor Vergata, wakatamani nao kusali penye kaburi la Mtume Petro, kupita Assisi, na kufika Padua kwa Mtakatifu Antoni. Wengine hawana hija akilini. Wameweka akiba, wana likizo, na wanataka kuona nchi za watu wakiwa bado na nguvu za miguu. Nia zote mbili ni halali, na zote mbili huombewa viza ya muda mfupi.

Tunaandika tukiwa na mang'amuzi ya kuwasindikiza mahujaji, na pia ya kuketi na vijana waliorudishiwa pasipoti bila viza ndani yake. Hatusemi kwa niaba ya ubalozi wowote. Tutajihusisha na viza ya nchi za Schengen, yaani nchi 29 za Ulaya, zikiwamo Italia, Ufaransa, Ureno na Hispania, ambazo hutoa viza moja ya pamoja inayomruhusu mgeni kukaa hadi siku 90 ndani ya kipindi cha siku 180. Vatikano haina viza yake. Anayekwenda Uwanja wa Mtakatifu Petro hupita kwanza Italia. Uingereza haimo katika mpango huo.

Swali ambalo ofisa analazimika kulijibu

Mzee wa miaka 60 mwenye nyumba, pensheni na wajukuu hahitaji maneno mengi kueleza kwa nini atarudi. Kijana wa miaka 25 ambaye hajafunga ndoa, amepanga chumba kimoja, ana mkataba wa mwaka mmoja na pasipoti isiyo na muhuri hata mmoja, huyo ndiye anayetiliwa shaka. Jambo hilo linauma, hasa kwa kijana mwaminifu ambaye hajawahi kuwaza kuzamia. Lakini halitokani na chuki ya ofisa fulani. Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya, iliyopitishwa mwaka 2009 kwa namba 810, inamwagiza ofisa apime mambo kadhaa: kama sababu ya safari ni ya kweli, kama mwombaji ana fedha za kujikimu, na kama ana nia ya kuondoka kabla viza haijaisha. Fomu ya kukataliwa ina kisanduku maalumu kwa ajili ya shaka hiyo ya mwisho, na vijana wengi waliotuletea fomu zao walikuwa wamewekewa alama hapo hapo.

Ofisa hajawahi kumwona kijana wetu akiongoza kwaya au akichimba msingi wa kanisa la kigango. Anachokiona ni bahasha. Kwa hiyo maombi imara ni yale yanayomwonyesha, kwa karatasi zinazokubaliana zenyewe kwa zenyewe, kwamba kuna maisha yanayomsubiri mwombaji nyumbani, na kwamba safari hii inaingia ndani ya maisha hayo bila kuyavunja. Maisha hayo hayatengenezwi wiki moja kabla ya miadi. Hapa ndipo vijana wengi hukosea: hutafuta karatasi wakati walipaswa kuwa wameanza, mwaka mzima nyuma, kutunza kumbukumbu za kazi yao.

Kazi na alama zake

Kwa aliyeajiriwa, barua ya mwajiri ndiyo uti wa mgongo wa bahasha. Iandikwe kwenye karatasi yenye nembo ya ofisi, iwe na sahihi na mhuri, itaje cheo, tarehe ya kuanza kazi, mshahara, tarehe kamili za likizo iliyoidhinishwa, na iseme wazi kwamba mfanyakazi anategemewa kurejea kazini siku fulani. Jina na simu ya ofisa utumishi viwepo, na ofisa huyo aambiwe mapema kwamba huenda akapigiwa. Tunamjua binti mmoja ambaye mwajiri wake, alipopigiwa simu, alisema hamjui mtu wa jina hilo, kwa sababu kazini wote walimwita kwa jina la utani.

Pamoja na barua hiyo ziende hati za mshahara za miezi mitatu hadi sita, mkataba wa ajira, na taarifa ya michango ya NSSF. Hii ya mwisho wengi huisahau, na kwa maoni yetu ina nguvu kuliko wanavyodhani. Barua yaweza kuandikwa na rafiki kwa dakika kumi. Michango ya miezi 30, iliyoingia mwezi kwa mwezi kutoka kwa mwajiri mmoja, haiwezi kubuniwa usiku mmoja. Kijana ambaye mwajiri wake hampelekei michango ana tatizo kubwa kuliko viza, naye atafute haki yake kwa ajili ya uzee wake, si kwa ajili ya Ulaya.

Urefu wa safari nao uendane na kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania likizo ya mwaka ya siku zisizopungua 28 mfululizo. Safari ya siku 10 au 14 inaingia vizuri ndani ya likizo hiyo. Anayeomba siku 60 huku barua ya mwajiri ikisema ana siku 28 amekwisha kumjibu ofisa, tena vibaya.

Aliyejiajiri hana barua ya mwajiri, lakini si kwamba hana la kuonyesha. Fundi cherehani, kinyozi, mwenye duka la vifaa vya simu, mwenye bodaboda yake mwenyewe: hawa wapeleke usajili wa jina la biashara kutoka BRELA, leseni ya biashara, namba ya mlipakodi na ushahidi wa kodi iliyolipwa, mkataba wa pango la fremu, kadi ya chombo. Mapato yanayopita katika simu yachukuliwe kwa taarifa rasmi ya miezi sita kutoka kampuni ya simu. Picha za kioo cha simu hazitoshi. Akieleza pia nani atakayebaki dukani wakati yeye hayupo, ameeleza jambo ambalo wafanyabiashara wengi hulisahau.

Kwa kibarua asiye na mkataba wala akaunti tuseme ukweli: kwa sasa njia yake ni nyembamba, na ada ya viza hairudishwi. Ni afadhali asubiri mwaka mmoja, arasimishe kazi yake, na kwanza asafiri karibu. Mtanzania haombewi viza kwenda Kenya, Uganda au Rwanda. Kijana anayekwenda Namugongo kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, Juni 3, asafiri kwa pasipoti yake badala ya hati ya dharura, apate muhuri wa kutoka na wa kurudi. Muhuri huo hauna uzito mkubwa sana, lakini ni neno la kwanza katika pasipoti iliyo tupu.

Fedha: kiasi na chanzo

Vijana hutuuliza, "Baba, akaunti iwe na shilingi ngapi?" Italia ina jedwali lake, lililotolewa mwaka 2000, la kiwango cha chini cha kujikimu. Kwa safari ya siku sita hadi kumi, mtu anayesafiri peke yake huhesabiwa euro 44.93 kwa siku. Wakiwa wawili au zaidi, euro 26.33 kwa siku kwa kila mmoja. Kwa siku kumi, hizo ni euro 449.30 kwa anayekwenda peke yake, na euro 263.30 kwa kila mmoja aliye katika kundi. Malazi na huduma zilizolipiwa kabla huonyeshwa pia kama sehemu ya uwezo huo. Si kiasi cha kutisha kama wengi wanavyosimuliwa. Nchi nyingine zina viwango vyao, na kufikia kiwango cha chini si ahadi ya kupewa viza.

Tatizo la vijana wetu kwa kawaida haliko katika kiasi. Liko katika chanzo. Kijana anapokea mshahara wa shilingi 600,000, na kila mwezi akaunti inashuka hadi shilingi elfu kumi kabla ya mshahara mwingine. Ghafla, siku tisa kabla ya miadi, zinaingia shilingi milioni nane kwa mkupuo mmoja. Amezikopa kwa mjomba, na atazirudisha baada ya wiki mbili. Mtaani wanaita kunenepesha akaunti. Ofisa anayesoma taarifa za benki kila siku huiona milioni nane hiyo kabla hajaona jina la mwenye akaunti. Tena si yeye pekee anayedanganywa: kijana mwenyewe amejitengenezea deni kwa ajili ya karatasi.

Akiba ndogo inayopanda kwa utaratibu ni bora. Shilingi 150,000 kila mwezi kwa miezi 18 ni shilingi 2,700,000, na kila mstari wa taarifa hiyo unaongea. Fedha kubwa ikiingia kwa sababu halali, kama mgao wa VICOBA mwishoni mwa mzunguko, mkopo wa SACCOS, mauzo ya pikipiki au zawadi ya wazazi, iambatanishwe karatasi ya chanzo chake na ielezwe kwa sentensi moja katika barua ya mwombaji. Ikiwa mzazi, kaka au mwajiri ndiye anayegharimia, aandike barua ya udhamini, aweke taarifa za akaunti yake mwenyewe, na undugu uthibitishwe kwa vyeti vya kuzaliwa. Kusaidiwa si aibu wala si udhaifu wa maombi. Udhaifu ni kuficha kwamba umesaidiwa.

Majina

Jambo hili tunalijua kwa sababu ndisi tunaobatiza. Mtoto amebatizwa Yohane. Cheti cha kuzaliwa kinasema John. Kitambulisho cha NIDA kina majina matatu, akaunti ya benki ina mawili, na hati ya mshahara imeyageuza, la ukoo likatangulia. Kwetu huyo ni mtu mmoja. Kwa ofisa aweza kuwa watu watatu. Majina yote yafuate pasipoti. Yasiporekebishika kwa wakati, mwombaji aende kwa wakili aape kiapo cha majina, akiambatanishe. Cheti cha ubatizo ni hati ya Kanisa. Hakichukui nafasi ya cheti cha kuzaliwa, na hatuwezi kubadilisha jina katika kitabu cha ubatizo ili lilingane na pasipoti. Hilo tumeombwa mara nyingi.

Nyaraka zilizoandikwa kwa Kiswahili, kama barua ya serikali ya mtaa au mkataba wa pango, ziambatane na tafsiri ya lugha ambayo ubalozi husika unaikubali. BAKITA hutoa huduma hiyo.

Muda, ratiba na ubalozi upi

Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku 15 kabla yake. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, lakini ofisa anaweza kuongeza hadi siku 45. Kwa hiyo miezi mitatu kabla ni wakati mzuri, na kwa safari za kiangazi cha Ulaya hata mapema zaidi, kwa kuwa nafasi za miadi hujaa. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Ada tangu Juni 11, 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima, mbali na gharama ya kituo kinachopokea maombi, pale kilipo. Bima ya safari ifunike angalau euro 30,000 kwa matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani, katika nchi zote za Schengen na kwa siku zote za kukaa, bila kupungua hata moja. Mwombaji wa mara ya kwanza huenda mwenyewe kutoa alama za vidole. Kishoka anayesema atakwenda kwa niaba yake anamdanganya.

Ubalozi unaoombwa ni wa nchi ambayo ndiyo lengo kuu la safari. Mwenye usiku tatu Roma na usiku tano Lourdes aende kwa Wafaransa, hata kama ndege yake inatua Roma. Siku zikilingana, ni ile nchi anayoingia kwanza. Wapo wanaochagua ubalozi unaosemekana kuwa mwepesi, kisha wanatengeneza ratiba ya kuuridhisha. Ratiba ya namna hiyo hugundulika kwa urahisi, kwani mtu hawezi kueleza kwa nini anakwenda kukaa siku saba katika mji ambao hata kuutamka kunamshinda.

Ratiba ionyeshe kila usiku utalala wapi, na utatoka mji mmoja hadi mwingine kwa chombo gani. Tiketi ya ndege kwa kawaida inatosha kushikiwa nafasi; isinunuliwe kabisa kabla ya viza kutoka. Hoteli yenye masharti ya kughairi bure inakubalika, mradi ni nafasi ya kweli yenye jina lako. Ukipokelewa na watawa au na padre mwanafunzi wa kwetu aliyeko Roma, omba barua ya mwaliko yenye anwani yake, pamoja na nakala ya hati yake ya ukaazi.

Kisha mwombaji aandike barua yake mwenyewe, ya ukurasa mmoja. Mshonaji mmoja wa parokia yetu, dada mchapakazi mwenye mashine tatu na wasaidizi wawili, alikataliwa mara ya kwanza ingawa kila karatasi yake ilikuwa ya kweli. Tuliposoma barua yake tulikuta mistari miwili: anataka kutalii Ulaya, anaomba afikiriwe. Mara ya pili alieleza kwamba anatimiza nadhiri ya kumshukuru Mtakatifu Antoni. Kwamba atakaa siku nane, kwa sababu siku ya kumi ana sare za shule za kukabidhi. Kwamba fedha ni za mzunguko wa VICOBA na akiba yake. Kwamba mdogo wake ndiye atakayebaki na funguo za duka. Aliambatanisha makubaliano ya zile sare. Alipewa viza ya siku alizoomba. Hatusemi kwamba barua ndiyo iliyompatia, kwa kuwa ubalozi haukutueleza. Tunachojua ni kwamba hakuna kingine alichobadilisha.

Barua ya paroko na karatasi za uongo

Miaka kadhaa iliyopita alikuja kijana wa kigango kimoja, akatuomba tuandike kwamba ni dereva wa parokia mwenye mshahara. Hakuwa dereva wetu. Aliwahi kutuendesha mara mbili, siku ya mazishi na siku ya kipaimara. Tulikataa. Baada ya siku mbili mama yake alikuja, akakaa muda mrefu bila kusema neno, kisha akatuuliza kama tunajua uchungu wa kijana aliyekosa kazi ya maana kwa miaka minne. Hatukuwa na jibu la kumtosheleza, na hata leo tunalikumbuka swali lile. Kijana akapata kishoka aliyemwandikia barua ya kampuni, na namba ya simu iliyokuwa kwenye barua hiyo ilikuwa ya mfukoni mwa kishoka mwenyewe. Ubalozi uliuliza maswali mawili tu, jibu likapatikana. Shilingi milioni moja na laki mbili za kishoka zilipotea pamoja na ada. Hati ya uongo ni mojawapo ya sababu za kukataliwa zilizotajwa katika Kanuni, nayo hubaki katika mfumo ambao nchi zote za Schengen huusoma.

Haki itudai nasi mapadre tukiri sehemu yetu. Zamani tuliandika barua za ukarimu mno. Tuliwahi kuandika, "Tunamdhamini kwamba atarudi," juu ya mtu tuliyemfahamu kwa miezi minne. Hakurudi. Mwaka uliofuata kundi la akina mama wa parokia, wengi wao wajane wenye mashamba na wajukuu, lilihojiwa kwa ukali mmoja baada ya mwingine, na wawili wakakosa hija waliyoiwekea akiba kwa miaka mitatu. Hatuwezi kuthibitisha kwamba jambo la kwanza lilizaa la pili. Dhamiri yetu hata hivyo haikutulia.

Siku hizi tunaandika tunachokijua: kwamba mtu huyu ni mwamini wa jumuiya fulani, tunamfahamu tangu mwaka fulani, anatoa huduma fulani, na anasafiri na kundi fulani kwa hija fulani. Hatutaji mshahara tusiolipa wala hatuahidi kurudi kwa niaba ya mwingine. Barua hiyo husaidia kueleza sababu ya hija. Haizibi pengo la barua ya mwajiri. Anayeihitaji aje kupitia kwa mwenyekiti wa jumuiya yake, aje na bahasha nzima; tutaisoma kwanza, ndipo tuandike. Haina malipo.

Na kwa yule ambaye moyoni anataka kwenda kufanya kazi, Kanisa halimhukumu kwa shauku hiyo. Papa Yohane wa 23, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, aliitambua haki ya mtu kuhamia nchi nyingine kwa sababu za haki. Katekisimu inazidai nchi tajiri kuwapokea wageni kadiri ziwezavyo, na hapo hapo inamdai mhamiaji kuheshimu sheria za nchi inayompokea. Lakini viza ya matembezi siyo mlango wa kazi. Anayeingia Ulaya, au Oman na nchi nyingine za Ghuba, kwa viza ya matembezi kisha akafanya kazi, hufanya kazi bila ulinzi wa mkataba. Mwajiri akimnyima mshahara au akimshikia pasipoti, anaogopa hata kwenda polisi. Amwambie paroko wake ukweli, wakae watafute njia ya viza ya kazi au ya masomo.

Akinyimwa

Kunyimwa viza si hukumu juu ya utu wa mtu wala juu ya imani yake, ingawa siku ile huonekana hivyo. Uamuzi hutolewa kwa fomu yenye sababu iliyowekewa alama, na inaeleza namna na muda wa kukata rufaa, ambao hutofautiana kati ya nchi na nchi. Rufaa inafaa pale ofisa alipokosea jambo linaloonekana kwenye karatasi. Pale karatasi zenyewe zilipokuwa dhaifu, ni afadhali kuomba upya baada ya kurekebisha. Kukataliwa mara moja hakuleti kukataliwa kwa pili moja kwa moja. Kanuni yenyewe inasema hivyo. Fomu ya maombi ikiuliza juu ya historia yako ya viza, jibu kweli. Anayeomba tena wiki ijayo kwa karatasi zile zile anatoa sadaka ya euro 90 mahali pasipo na sanduku la sadaka.

Akipewa

Asome karatasi ya viza kabla ya kuondoka kituoni. Kuna tarehe ya kwanza na ya mwisho ya kuitumia, na kuna idadi ya siku za kukaa. Hivi ni vitu viwili. Mara nyingi tarehe huongezewa siku 15 za tahadhari, lakini mwenye siku 10 za kukaa ana siku 10 tu, akihesabu siku ya kuingia na ya kutoka. Kuna pia idadi ya kuingia. Mwenye ruhusa ya kuingia mara moja aweza kwenda Roma, Lourdes na Fatima kwa mkondo mmoja, na kuingia Vatikano hakuhesabiwi. Lakini akivuka kwenda Medjugorje ametoka Schengen, kwa kuwa Bosnia na Herzegovina haimo, naye hataweza kurudi kuifuata ndege yake Italia. Mahujaji wenye Medjugorje katika ratiba waombe viza ya kuingia zaidi ya mara moja tangu mwanzo.

Uwanjani aende na nakala za bima, malazi, tiketi ya kurudi na barua ya mwajiri mkononi, si ndani ya begi lililopakiwa. Viza humfikisha mpakani; askari wa mpaka bado ana haki ya kuuliza. Tangu Oktoba 12, 2025 nchi za Schengen zimeanza kutumia mfumo wa kielektroniki unaosajili kuingia na kutoka kwa picha ya uso na alama za vidole, na siku ya kuzidisha, hata moja, huonekana humo.

Akisharudi, atunze pasi zake za kupandia ndege. Mtu aliyepata na kutumia kihalali viza tatu ndani ya miaka miwili anaweza kupewa viza ya kuingia mara nyingi ya mwaka mmoja, mradi vigezo vingine vibaki vimetimia. Baadhi ya balozi humtaka pia msafiri wa mara ya kwanza afike kuonyesha kwamba amerejea. Kama aliambiwa hivyo, aende wiki ile ile, akiwa na pasipoti.